Salamu Zisizosafishwa

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika Jumatatu, kona moja imelowa lakini ndani hakuna kilichoharibika. Sisi wazima. Baba Mkubwa anasumbuliwa na goti na hataki liitwe ugonjwa. Anasema ni goti tu, kila mtu analo. Kazini naendelea, bado niko dirisha la tatu, la kusajili vifo. Walisema mwaka huu watanihamishia dirisha la kwanza, la vizazi, ambako watu huja wakicheka na kubishana juu ya jina la mtoto, lakini mkuu wa ofisi amesema wafiwa wanaupenda utulivu wangu. Sikujua kama amenisifu. Nikasema asante.

Umeuliza uani kukoje siku hizi, kwa ajili ya picha kubwa ya maonyesho. Nitaeleza nilivyoona jana, nisije nikakosea.

Mpapai wa pembeni ya tangi la maji umezaa mpaka umeinama, na Bibi ameuegemezea ubao wa kitanda cha zamani. Migomba imechanwa na upepo, kwa hiyo jua la jioni linapita katikati ya majani na kuwaangukia watu vipande vipande, mmoja begani, mwingine kwenye pua. Nakumbuka uliwahi kuniambia kwamba mwanga wa namna hiyo huko hauuzwi hata dukani. Watu bado wanakuja kila siku jua likipungua ukali. Fundi cherehani anakuja na kiti chake mwenyewe, anasema vya kwetu vinamla suruali. Mwalimu mstaafu bado anaiba karata. Wote tunamwona, na hakuna anayesema isipokuwa jirani yetu Mama Redio, ambaye anatangaza. Bibi anakaa palepale, kiti kifupi, mgongo kwenye ukuta wa jiko, ili amwone kila anayeingia kabla hajaonwa.

Simu uliyoizima mpaka kazi iishe haijatupunguzia kitu. Unayajua masikio ya Bibi, hata ulipokuwa unapiga alikuwa anaishia kuigombeza simu yenyewe. Kwa hiyo nimemsomea barua yako kwa sauti ya kupigia mbiu, na majirani wote sasa wanajua mambo yako.

Amejibu. Kwa kuwa uliniagiza nisiyasafishe kamwe maneno yake, naandika alivyosema, na unisamehe: "Mwambie yule kenge picha ya mwisho amenichora mikono kama miiko. Mimi nina mikono ya maana. Na avae soksi."

Mwanao,
Kalamu


27 Februari

Kalamu wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka nikaketi. Miiko! Mwambie nimesikia, na nimevaa soksi, jozi mbili, moja juu ya nyingine.

Nakuandikia nikiwa sakafuni. Turubai ni kubwa kuliko ukuta, kwa hiyo nimelilaza chini na ninatembea juu ya mbao kama fundi wa paa. Kwenye kona kuna hita inayonguruma kama mtu aliyeshiba. Dirisha linatazama dirisha jingine. Katikati ya haya yote kuna uani kwetu, wazi, na migomba yako iliyochanika. Nimeyapaka majani kwa rangi mbichi halafu nikayakwaruza kwa kitana. Wewe ndiye uliyenipa wazo hilo, ingawa hujui.

Jana alikuja mama mwenye ukumbi wa maonyesho. Ni mtu mwema, hucheka kwa urahisi. Alisema kazi zangu zina furaha, zina joto, mtu akizitazama anataka kuvuta kiti. Halafu akauliza mbona baadhi ya watu wamegeuka. Nikamwambia, hao wamekufa. Aliye hai namchora akitutazama. Aliyekufa anatupa mgongo, lakini kiti chake ni kilekile na chai yake bado inatoa moshi. Mama wa watu akaweka kikombe chake chini polepole.

Nilipokuwa nasema hivyo nilikukumbuka. Baba yako nimemchora mara nyingi kuliko mtu yeyote, na wewe ulikuwa mdogo mno alipoondoka, kwa hiyo ndugu yangu yule mzuri wa sura unamjua kwa kisogo. Sijawahi kukuuliza kama inakuuma.

Sasa niulizie: Mama anataka nimvike gauni gani safari hii? Asije akalalamika baadaye.

Na hili usimsomee. Maonyesho yakifunguliwa mwezi wa saba, nitayaacha yakae siku chache, halafu nakuja. Ndiyo, mimi. Miaka yote nimekuwa nikisema mwakani, mwakani. Nataka niingie na mfuko wangu bila taarifa, nimkute ameketi pale anapoona kila anayeingia, nione kama atanitambua au atanifukuza. Usimwambie hata Baba Mkubwa. Ukimwambia Mama Redio nitakukana.

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri kwa jumla. Mvua zimeanza, uani kuna madimbwi na wageni wamejibana wote barazani, magoti kwa magoti, na mwalimu mstaafu amepata nafasi nzuri zaidi ya kuona karata za wenzake. Siri yako ninayo. Inanitisha. Kila Bibi akinitazama naona kama ameisoma usoni.

Bibi amekuwa na kikohozi. Alipelekwa hospitali, akalazwa kidogo kwa uchunguzi, akarudishwa baada ya kugombana na muuguzi kuhusu mto. Daktari alitoa maelezo marefu kwa Baba Mkubwa kwenye korido, na Baba Mkubwa alipotoka alisema tu, "Ni kikohozi." Anakula kiasi. Nadhani ni hali ya hewa.

Umeuliza kama inaniuma kumjua Baba kwa kisogo. Nilipokuwa mtoto nilikuwa naigeuza fremu yako ile ndogo ya sebuleni, yenye picha ya Baba, nitazame nyuma yake, nikidhani uso utakuwa upande wa pili. Kulikuwa na kamba tu na misumari. Lakini mgongo wake naujua sana. Nikiuona barabarani ningeuita.

Haya ndiyo maneno ya Bibi, na safari hii ilibidi nimwombe arudie kwa sababu ya kukohoa: "Gauni la kijani, lile la kwenda kwa watu. Na asinichore mnene, mnene ni dada yangu. Halafu mwambie huyo kichwa ngumu, kila siku anachora watu wamekaa, yeye yuko wapi? Amekaa wapi yeye? Mtu gani anapanga viti vya watu wote halafu anasimama nje kama askari wa geti? Ajichore. Na avae soksi."

Mwanao,
Kalamu


8 Aprili

Kalamu,

Nina haraka, mikono yote ina rangi, utaona alama ya dole gumba hapo juu.

Uso wa Mama umekamilika. Ndio wa kwanza kuumaliza katika picha nzima, na ni uso bora kuliko wowote niliowahi kuchora. Sijisifu, ni kweli. Ana ile sura ya kutaka kusema kitu kibaya lakini amekishikilia mdomoni ili akifurahie kwanza. Gauni la kijani limekaa vizuri. Mikono ni ya maana kabisa.

Kuhusu mimi kukaa, mwambie bado natafuta kiti.

Kikohozi kimepungua? Hukusema ni daktari wa nini.

Shangazi yako


21 Aprili
(haikutumwa)

Shangazi,

Shikamoo. Bibi amefariki.

Mara ya kwanza niliandika maneno hayo kwa mashine ya ofisini, yakaonekana kama tangazo. Nimeyaandika tena kwa mkono.

Tulimzika Jumapili, pembeni ya Babu. Hakikuwa kikohozi. Baba Mkubwa alijua tangu siku ile ya korido na hakumwambia mtu, sijui kwa nini, labda alidhani kisiposemwa kitapata uvivu wa kuja.

Asubuhi ya jana alikuja ofisini kusajili. Angeweza kumtuma mtu. Angeweza kuniambia nyumbani. Alisimama kwenye foleni pamoja na watu wengine, na fimbo yake na goti lake, mpaka zamu yake ikafika dirishani kwangu. Mwenzangu wa dirisha la pili aliniashiria kwamba atamhudumia yeye. Sikuweza kunyanyuka. Mdomo wangu ukasema wenyewe kile unachosema kila siku: "Pole sana. Jina la marehemu?"

Baba Mkubwa akanitazama kupitia kile kitundu cha kioo. "Hulijui?"

"Taratibu zinataka litamkwe na mtoa taarifa."

Akalitaja. Lote, Shangazi, tangu la kwanza mpaka la babu yake. Sikuwahi kulisikia lote. Kwangu mimi alikuwa Bibi. Niliuliza na mengine yanayofuata, wewe ni nani wake, akasema, "Mimi ni mtoto wake," na mtu mzima yule, mvi tupu, akalisema kama mtoto kweli. Nikagonga muhuri. Mwandiko wangu ulikuwa mtulivu. Hilo ndilo linalonichukiza hata sasa.

Tulipofika nyumbani akaniita barazani. Alisema usijue mpaka maonyesho yafunguliwe. Alinikumbusha Babu alipokufa: uliacha maonyesho yako ya kwanza yakiwa hayajafunguliwa, ukaja, ukarudi, na hukushika brashi kwa miaka. "Mama alilia kwa ajili ya brashi ile kuliko alivyomlilia mume wake," alisema. "Sitaki Mama afe mara mbili. Shangazi yako amalize kwanza." Nikamwambia siwezi. Akasema, "Wewe ndiye unayeandika. Kwa hiyo wewe ndiye unayenyamaza."

Sikumwambia kwamba ulikuwa unakuja. Nilikuahidi.

Viti vimegeuzwa, miguu juu. Hakuna anayekuja jioni.

Barua hii nitaikunja. Nitaiweka ndani ya viatu vya Bibi vya kutokea, mahali ambapo hakuna mtu atakayetaka kuingiza mkono.

Kalamu


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nakuomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Ofisini tumekuwa na kazi nyingi sana.

Sisi sote tunaendelea salama. Baba Mkubwa goti lake ni lilelile. Mvua zimepungua na uani kumependeza. Mpapai umeiva na ndege wanakula zaidi yetu. Wageni wanakuja kila jioni kama kawaida na mazungumzo ni mazuri. Fundi cherehani anakusalimu. Mwalimu mstaafu anakusalimu. Mama Redio anakusalimu.

Bibi amefurahi sana kusikia kwamba uso wake umekamilika. Anakusalimu kwa upendo, anakutakia kheri na mafanikio mema katika kazi yako, na anasema anajivunia kuwa na binti kama wewe.

Mwanao,
Kalamu


24 Mei

Kalamu wangu,

Marahaba, mwanangu.

Nimezisoma salamu za Mama. Nimezisoma tena. Nikazipeleka dirishani nikazisoma huko.

Mwambie nimezipokea.

Nimemwomba mama wa ukumbi aniongezee muda kidogo. Kuna mtu mmoja kwenye picha bado hajakaa vizuri. Hakufurahi, lakini alipouona uso wangu akakubali.

Wewe unakula? Usiniambie kwa jumla. Niambie jana ulikula nini. Unalala? Kazini wamekuhamisha lile dirisha au bado? Kama bado, mwambie huyo mkuu wako wa ofisi kwamba utulivu wa mtu si samani ya ofisi. Una mtu wa kukaa naye jioni? Nenda kwa fundi cherehani, ukae tu hata kama huna nguo ya kushona. Atakusimulia uongo wake wa jeshini na utasahau kidogo.

Niandikie zaidi. Niandikie Mama anafanya nini, amekaa vipi, amekula nini. Chochote. Na mwambie aniseme kidogo, nimezoea. Nisiposemwa naumwa.

Shangazi yako


12 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Jana nilikula wali na maharage. Nalala, isipokuwa mbwa wa jirani wakianza. Bado niko dirisha la tatu. Nilikwenda kwa fundi cherehani kama ulivyoagiza. Hakusimulia chochote cha jeshini. Alinipa suruali ya mtu nitoe uzi wa mshono uliokosewa, tukakaa, mimi natoa uzi, yeye anashona, mpaka giza likaanza kuingia. Sijui ulijuaje kwamba nilikuwa nahitaji hivyo.

Bibi anaendelea vizuri. Asubuhi anakaa kwenye jua karibu na tangi na kukunja miguu. Anakunywa chai na kulalamika kwamba sukari haikukorogwa. Jana alilifua lile gauni la kijani na kulianika, na upepo ulipolijaza Mama Redio alipita akasema, "Haa, limepata mtu!" Bibi akamjibu kwamba angalau gauni halibebi umbea. Wote tulicheka.

Kuhusu ombi lako, Bibi amesema: "Mwambie yeye ni mzembe kiasi, na avae soksi kama tulivyokwisha kumshauri."

Mwanao,
Kalamu


9 Julai

Mwanangu,

Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kumsikia Mama akishauri.

Usiogope. Kaa chini kwanza, halafu uendelee kusoma. Najua mikono yako sasa hivi imekuwa baridi; ulikuwa hivyohivyo ukiwa mdogo, ukivunja kikombe unakuwa baridi kabla hata ya kugombezwa.

Nilijua mwezi wa tano. "Anakutakia kheri na mafanikio mema." Mama yangu! Siku nilipozaliwa, kwa maelezo yake mwenyewe, alinitazama akasema, "Kichwa chote hiki cha nini?" Siku nilipoondoka aliniambia begi langu ni baya. Hajawahi kunitakia kheri bila kuifunga ndani ya tusi, kama dawa ndani ya ndizi. Ulijaribu kunipa dawa tupu, na ulimi wangu ukaijua. Mtu mwenye adabu kidogo kuliko wewe angefaulu kunidanganya.

Nililia siku hiyo sakafuni, juu ya zile mbao, hita ikinguruma. Mpangaji wa juu alipiga mguu chini mara kadhaa, akidhani ni muziki. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Hapa watu hukaa pamoja kwa kualikana, na sikujua mtu anaalikwaje kwa jambo kama hili.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Kwa sababu kwenye barua zako alikuwa bado anakunja miguu kwenye jua. Kama ningekuuliza, ungenijibu, na asingekunja tena. Ile habari ya gauni lililojazwa na upepo najua uliitunga, na nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Kwa hiyo wewe ukanificha, na mimi nikakuficha kwamba nimejua, tukawa watu wawili wazima tunamkorogea sukari mtu ambaye hayupo.

Nimekasirika, nisiseme uongo. Kaka yangu nitamsema mpaka goti lake lisahau kuuma. Na wewe nitakusema, jiandae. Lakini njoo kwanza utazame picha ya kamera ya turubai langu iliyo ndani ya bahasha hii, maana maonyesho yamefunguliwa na watu wanapita mbele yake wakisema joto, furaha.

Yule katikati, wa gauni la kijani, ni yeye. Unaona kisogo, na lile bega lake la kushoto lililo juu kidogo. Uso sikuufuta. Sikuweza kuukwangua. Nimepaka kisogo juu yake, rangi juu ya rangi, kwa hiyo bado uko mle ndani, na anachotaka kusema bado amekishikilia mdomoni.

Sasa tazama aliye mbele yake, kwenye kiti cha fundi cherehani. Ndiyo. Nimekaa. Aliniuliza niko wapi, nikatafuta kiti muda wote huo, na kumbe palikuwa na mahali pamoja tu pa kukaa. Wageni wote wa ukumbini wanamwona mgongo. Anayekaa mbele yake anamwona uso. Ndiyo maana nimejichora nikiwa na sura ya mtu anayetukanwa na anafurahi.

Na kule pembeni, chini ya mpapai, yule kijana aliyeketi mbele ya mgongo unaoujua. Mtazame anavyotazama. Sikujua nikupe nini kingine.

Mwezi ujao nakuja kama nilivyosema. Sina tena wa kumshtukiza, kwa hiyo waambie wote.

Kabla sijaja nina neno moja. Mama asingeweza kuondoka bila kunisema. Najua kipo alichosema, na najua umekihifadhi, kwa sababu wewe hutupi kitu. Niandikie. Usikisafishe.

Shangazi yako


25 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nilikaa chini kama ulivyosema. Mikono ilikuwa baridi.

Picha nimewaonyesha. Niliwaita mwenyewe, nyumba kwa nyumba, nikasema Shangazi ametuma. Vilikuwa vimekaa miguu juu muda mrefu, viti vile; kimoja kilikuwa na utando wa buibui na fundi cherehani alikifuta kwa suruali yake ileile anayoionea uchungu. Wakakaa kila mtu pake. Picha ikapita mkono kwa mkono. Mwalimu mstaafu aliitazama, akavua miwani, akaivaa tena, na karata zake zote zilikuwa wazi mezani na hakuna aliyezichungulia. Mama Redio alinyamaza. Nakuhakikishia. Halafu akasema, "Mwambie mimi nikifa anichore uso. Mgongo wangu si mzuri." Tukacheka, na katikati ya kicheko Baba Mkubwa akaanza kulia. Hakutoka nje. Alilia palepale kwenye kiti, wenzake wamembana magoti, na fundi cherehani akamshikia kikombe ili chai isimwagike.

Alipotulia aliweka kidole kwenye picha, juu ya bega la kushoto. "Ni yeye," akasema. Akaniambia nikuandikie kwamba anasubiri umseme na hatajitetea.

Mimi nilimtazama yule kijana wa chini ya mpapai. Sijui kama nina sura kama ile. Ningependa kuwa nayo.

Sasa lile uliloniuliza.

Kipo. Alikisema hospitalini, mara ya pili alipolazwa. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, karatasi juu ya goti, najiandaa kukuandikia salamu zake za kawaida. Sauti ilikuwa ndogo na ilibidi niinamishe sikio. Alisema, "Andika hivi, na usiniharibie." Nikaandika. Karatasi hiyo nilikuwa nayo siku nilipokutakia kheri na mafanikio mema. Ilikuwa mfukoni. Sikuweza kuituma bila wewe kujua, na nilimwogopa Baba Mkubwa, na nikajiambia neno linaweza kusubiri mwezi wa saba. Halikuwa neno la kusubiri. Ndilo neno pekee alilotaka liwahi, na nimelielewa niliposoma kuhusu sakafu, na hita, na mpangaji wa juu. Kwa hilo nisamehe ukiweza, na usipoweza pia ni haki.

Naandika alivyosema:

"Mwambie yule kenge asije akanililia huko chumbani peke yake kama mtu asiye na kwao. Kama ni kulia, aje alie hapa. Watu tupo."

Mwanao,
Kalamu